Wazee Wanatupima

Mugumu, Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kukuambia, na hata Mama mkubwa ninayekaa kwake nimemgusia jana tu. Siku ile Baba mdogo Mwita alipokuja kuuliza habari zangu, wewe ulidhani nimekwenda kuchota maji. Nilikuwa nyuma ya jiko naanua udaga wa muhogo kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja, na nilisikia kila neno. Baba mdogo alisema, "Mugesi amekuwa mkubwa. Desemba hii apelekwe na wenzake." Ukamjibu bila sauti kutikisika, "Mugesi alishakatwa. Alipelekwa na wajomba zake huko Serengeti, alipokwenda likizo." Akauliza, "Mbona hamkutuita tucheze?" Ukasema kwa wajomba kulikuwa na msiba, hakukuwa na ngoma. Haukupita muda ukanileta huku kusoma.

Nilijua kwamba umenikinga, na nilijua umenikinga kwa uongo. Sikukuambia kwa sababu niliona jambo likitajwa hata mara moja linaweza kusikika. Leo nalitaja kwa sababu kuna mtu anakuja nyumbani kukuuliza.

Sasa naomba unipokelee salamu zangu. Shikamoo, Mama. Mguu wako uliokuwa unavimba unaendeleaje? Je, mmeshavuna ulezi wa kule bondeni, au nyani wamewatangulia? Mdogo wangu Marwa, wajina wa marehemu baba, bado anakataa kuoga asubuhi? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula vizuri, na Mama mkubwa ananitunza kama mwanawe. Usingizi tu ndio umepungua.

Barua hii ataileta Mama Saumu, mwalimu wetu wa ushonaji hapa chuoni. Ni Mwislamu, babu zake walikuja Mugumu kutoka Tabora kushona kanzu, na hana ukoo na mtu yeyote wa kwetu wa kumpelekea maneno. Nimeandika Kiswahili ili macho yako yakisumbua akusomee yeye. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani hukaa kwa Baba mdogo, naye huweka sauti kubwa ili wote wasikie. Tafadhali someni wawili tu, na mlango ufungwe.

Nianze mwanzo ili uelewe vizuri.

Unakumbuka chuo chetu kilijengwa na wananchi, na kwamba kinafundisha ufundi na sekondari pamoja. Mimi niko kidato cha tatu, lakini darasani nakaa na mafundi cherehani, maseremala na wanaojifunza udereva, kwa sababu kuna masomo ya jumla ambayo sisi sote tunayasoma: kuandika, hesabu, uraia, na kusema mbele ya watu. Mwaka huu aliletwa mwalimu mpya wa kuyasimamia, Mwalimu Tabitha, mwenyeji wa Iringa. Kabla ya hapo alifundisha Marekani, kwenye chuo cha Walakota. Hao ni wenyeji wa nchi ile waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika. Nilitafuta mahali pao kwenye atlasi ya maktaba, nikaona ni bara kabisa, mbali na bahari, uwanda wa nyasi kama huku kwetu.

Mwalimu Tabitha alitusimulia kwamba zamani watoto wa Walakota walichukuliwa kwa nguvu, wakapelekwa shule za mbali, wakanyolewa nywele zao na kukatazwa lugha yao. Kwa hiyo walipokuja kuanzisha chuo chao wenyewe, hawakutaka kipimo cha elimu kitoke kwa watu waliowanyoa. Waliwaendea wazee wao wakawauliza, mtoto wetu akimaliza hapa, awe anajua nini ndipo tuseme ameelimika? Wazee wakasema, awajue ndugu zake na namna ya kumwita kila mmoja, awe mkarimu, awe na moyo wa ujasiri wakati wa shida. Chuo kikapima hayo pamoja na hesabu. Mwalimu alipokuwa anasimulia aliondoa miwani akaifuta. Mama, mimi nililipenda wazo lile. Nililipenda kuliko somo lolote tangu nianze shule.

Kwa hiyo Mwalimu Tabitha alipotangaza kwamba na sisi tutapimwa hivyo, na kwamba ataita wazee wa Tarime na wa Serengeti kwa sababu wanafunzi tunatoka pande zote mbili, mimi ndiye niliyejitolea kuandika kumbukumbu. Unajua siwezi kusema mbele ya watu, lakini kuandika naweza.

Wazee waliokuja walikuwa wanaume tu. Wakaketi kwenye karakana ya useremala kwa sababu ndipo penye viti vingi, na harufu ya mbao mbichi ikawafanya wapige chafya. Mwalimu akawaambia, "Wazee wangu, nisaidieni. Kijana akimaliza hapa, mtamjuaje kwamba ameelimika?"

Mzee mmoja wa Ikoma mwenye kofia ya sufu akacheka. "Si wewe ndiye uliyesoma, Mwalimu? Unatuuliza sisi?"

"Ndiyo, nawauliza ninyi. Mtihani huu ni wenu."

"Haya, basi leo umewauliza wenyewe."

Wakasema aujue ukoo wake. Wakasema asimame mbele ya watu bila kutetemeka, na aweze kusuluhisha ugomvi. Mpaka hapo nilikuwa naandika kwa furaha. Kisha akasema mzee wa upande wetu, Mzee Nyamhanga. Unamfahamu, ndiye mwenye ng'ombe wengi kule karibu na Nyamongo na hukaa kwenye vikao vya mila. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, "Mtu asiye na saro ni mtoto. Hata awe na digrii, hata awe na mvi. Sasa wewe Mwalimu ukimpima mtoto ukasema ni mtu mzima, umepima nini?"

"Ndiyo hapo," wenzake wakaitikia.

Mwalimu akanigeukia. "Mugesi, saro ni nini?"

"Ni rika, Mwalimu," nikasema, na wazee wote walikuwa wananiangalia.

Ni kweli, saro ni rika. Lakini mtu wa Iringa atajuaje kwamba kwetu rika linaanzia kwenye kisu? Waliokatwa msimu mmoja ndio saro moja, na msichana ambaye hakukatwa hana cha kutaja. Mwalimu akaandika ubaoni kwa chaki, kipimo cha nne: kujua rika lako na historia yake. Akawashukuru wazee kwa kutuletea historia.

Siku ya majaribio waliitwa wanafunzi wachache tu, wazee wakiwa mbele na sisi wengine kwenye mabenchi. Alianza Kehengu wa useremala. Akahesabu babu zake, akafika wa nne akakwama, akakuna kichwa. "Huyo wa tano alikuwa mkimya sana, wazee. Hata jina hakuliacha." Karakana nzima ikacheka. Mzee wa kofia ya sufu akamwambia, "Mura, kijana wangu, alikuwa mkimya kama wewe siku ya kulima!" Kehengu akapata maksi nusu na shangwe kamili.

Akafuata Robi wa ushonaji. Robi hana aibu. Alitaja ukoo, akasuluhisha kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya mama mkwe, na alipoulizwa saro akaitaja, akamtaja na aliyekuwa mbele yake na aliyekuwa nyuma yake siku ile. Wazee wakagonga fimbo sakafuni. Mwalimu Tabitha aliandika kwa haraka, uso unang'aa.

Kisha akaitwa Neema. Nilikuandikia habari zake kwenye barua ya mwezi uliopita, tunakaa dawati moja, kwao ni Turwa pale mjini Tarime. Ndiye msichana pekee wa udereva, na anaweza kurudisha nyuma pikapu ya chuo kupita kati ya tangi na mti wakati wavulana wanagonga vyote viwili. Alitaja ukoo vizuri. Alisema vizuri. Alipoulizwa saro akaangalia viatu vyake. Mzee Nyamhanga akangoja. Akangoja tena. Kisha akamgeukia jirani yake, akasema neno moja kwa Kikurya, polepole, kama mtu anayetaja aina ya mbegu: "Msagane."

Wavulana wa nyuma wakacheka puani.

"Amesema nini?" Mwalimu akauliza.

"Ni utani tu, Mwalimu," akajibu mwenyekiti wa chuo, aliyekuwa ameketi na wazee. "Endelea."

Hilo neno, Mama, sihitaji kukuelezea. Ni msichana ambaye hajakatwa, na akitajwa hivyo mbele ya watu ni kama amepigwa chapa.

Nilikuwa nafunga kalamu nikidhani tumemaliza. Mzee Nyamhanga akanyoosha fimbo kwangu. "Na huyu anayeandika? Yeye si mwanafunzi?"

"Mugesi ni mwanafunzi wetu bora," Mwalimu akasema.

"Basi asimame tumwone huyo bora."

Nilisimama. Kwenye ukoo nilihesabu mpaka babu wa saba, kama Bibi alivyonifundisha tukipukuchua mahindi. Mzee Nyamhanga akainama mbele. "Kumbe wewe ni wa marehemu Marwa! Mwita ni baba yako mdogo?"

"Ndiyo, mzee."

"Lo! Mwita tunakaa naye kikao kimoja. Haya binti yangu, na saro?"

Nikasema, "Kwa wajomba, mzee. Serengeti."

"Wajomba wa wapi? Serengeti hii naijua yote. Msimu gani? Nani alikuwa mbele yako?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nilisema, "Mzee wangu, unisamehe. Mambo ya wasichana siwezi kuyasema mbele ya wanaume."

Wazee wakaangua kicheko. "Amekufunga mdomo, Nyamhanga!" akasema yule wa kofia. Mzee Nyamhanga naye akacheka. Kisha akatoa kikopo chake cha ugoro, akanusa taratibu huku ananiangalia, pua moja, halafu ya pili. "Mtoto ana adabu," akasema. "Kosa ni letu. Siku ya mtihani wenyewe tutaleta bibi, awaulize wasichana faragha."

Mwalimu Tabitha alifurahi mpaka akapiga makofi. Alisema hata kule kwa Walakota akina bibi ndio walioheshimiwa zaidi katika kupima, na kwamba alikuwa anaona aibu kuomba waletwe wanawake. Mzee Nyamhanga akamtaja bibi mwenyewe kwa jina. Robi alikuwa karibu yangu. Robi yule asiye na aibu. Akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, "Huyo ndiye aliyenikata."

Wakati wa kuondoka, mzee alipita nilipokuwa nakusanya karatasi. Akasema kwa upole, kama ndugu, "Nitapita kwa Mwita nimpongeze kwa binti. Saro yako nitamuuliza mama yako mwenyewe. Tusimpe bibi kazi mbili."

Ndiyo sababu ya kwanza ya barua hii. Sijui atakuja lini. Anaweza kuwa ameshakuja.

Sababu ya pili ni Neema. Wiki hiyohiyo bodaboda mbili zilisimama getini wakati wa uji. Walikuwa baba yake mkubwa na mwanaume mwingine ambaye hakushuka. Wakasema bibi yake Neema ni mgonjwa sana, anamwita. Mlinzi akamruhusu, maana nani atamzuia mtu asimwone bibi yake? Lakini Neema aliwahi kuniambia kwamba bibi zake wote wawili walishazikwa. Aliponipita alikuwa bado ameshika kikombe cha uji. Akanipa kikombe. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, kwa sababu yule mwanaume alikuwa anatuangalia. Walimpakia mishikaki kwenye bodaboda moja, yeye katikati, mmoja mbele mmoja nyuma. Simu yake haipatikani. Watu wanasema siku hizi baadhi hawangoji Desemba, hufanya kimyakimya ili serikali isijue.

Alhamisi nilimfuata Mwalimu Tabitha maktaba, ambapo huwa namsaidia kupanga vitabu. Nilipanga rafu nzima kabla sijaweza kufungua mdomo. Mwisho nilisema tu, "Mwalimu, yule bibi ni ngariba."

"Rudia."

Nikarudia. Nikamweleza saro inaanzia wapi, neno alilosema mzee lina maana gani, na kwamba bibi zake Neema wamekufa. Alikaa juu ya boksi la vitabu. "Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Ulisema mtihani ni wa wazee."

Sikusema kwa ubaya, Mama. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini niliona lilivyomwingia. Alisema kule kwa Walakota wazee walikuwa wanarudisha kitu walichonyang'anywa, na yeye akadhani kila anachokitaja mzee ni kitu cha namna hiyo. Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Nafikiri ukoo, na kusuluhisha, na kuheshimiana, ni vitu ambavyo shule ingeweza kutusahaulisha, na ni vizuri wazee waturudishie. Lakini kisu hakuna aliyetunyang'anya. Kipo, na kinajua njia ya kila nyumba.

Mwalimu alikwenda kwa mwenyekiti kuomba kipimo cha nne kifutwe. Akajibiwa kwamba wazee waliambiwa mtihani ni wao, na ukiwafutia swali wataondoa mikono, na wakiondoa mikono wazazi wataondoa watoto. Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii pale halmashauri. Walimsikiliza vizuri, wakauliza nyumba ya kina Neema iko wapi, na nani aliyesikia maneno yale akayaelewa. Akashindwa kujibu yote mawili. Yeye ni mgeni, hajui Kikurya, hajui njia. Mimi najua. Niliwahi kulala kwa kina Neema wakati wa Pasaka, ulinipa ruhusa mwenyewe.

"Sikulazimishi," Mwalimu aliniambia. "Lakini ukienda, watakuuliza na habari zako. Na ukizisema, zitafika kwenu."

Jana nilimweleza Mama mkubwa. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Ukifungua mdomo pale, mama yako amekwisha. Mwita atasema amedanganywa na mwanamke, na kikao kizima kitasema hivyo. Unajua wanavyomfanya mjane aliyedanganya ukoo?"

"Na Neema?"

"Neema ana mama yake."

"Mama yake hana dada Mugumu," nikasema.

Mama mkubwa alikoroga maharage kwa mkono, mazuri na mabovu yakachanganyika tena, akaanza upya kuchambua. Baadaye alisema, "Mwandikie kwanza. Mtu asikutwe hana habari." Ndiyo maana nimekaa hapa tangu tutoke kanisani.

Mama, nakuomba usimsubiri Mzee Nyamhanga. Njoo huku na Mama Saumu, basi lilelile linalopita hapo kwetu Nyamongo litakaporudi. Njoo na Marwa. Sikuambii udanganye tena, umeshadanganya vya kutosha kwa ajili yangu. Sema unakwenda kumwona binti yako shuleni, na hilo ni kweli. Usibebe mzigo mkubwa, watauliza. Mbuzi waache. Kuku waache. Cherehani nayo iache, Mama, najua itakuuma, lakini mtu hasafiri kumwona mtoto shuleni akiwa amebeba cherehani. Mama mkubwa ameshasafisha chumba cha uani na ameweka kitanda.

Ukiona huwezi kuja, basi mzee akikuuliza, mwambie mambo hayo anaulizwa mwanamke na mwanamke. Jibu hilo litakupa siku chache. Haliwezi kukupa zaidi, kwa sababu mwanamke wa kukuuliza wanaye, yule bibi.

Kwa kawaida hapa ndipo ninapowasalimu watu wote. Nawasalimu, lakini salamu hizi usizifikishe sasa, ziweke moyoni mpaka utakapojua ni salama. Msalimu Bibi, mama yake marehemu baba, aliyenifundisha majina ya babu. Sitaki asikie habari hizi kwa mtu mwingine, lakini sijui mimi ningeanzaje kumwambia. Msalimu Shangazi aliyenishonea sketi ya shule. Msalimu jirani yetu mzee wa kanisa, na mke wake aliyeniazima tochi, bado ninayo. Baba mdogo Mwita nisingependa kumruka. Alinibeba mgongoni siku ya mazishi ya baba. Nafikiri anaamini kwamba ananitakia mema. Msalimu naye moyoni.

Mdogo wangu Marwa mwambie nina kitabu chake cha picha za wanyama. Mwambie na kuoga ni lazima.

Sehemu hii ya mwisho naiandika Jumatatu jioni. Nilikuwa nimekusudia kungoja Mama Saumu akufikie kwanza, ndipo niende ofisini. Ndivyo nilivyomwahidi Mama mkubwa. Lakini leo asubuhi Robi alinifuata kwenye bomba la maji akasema dada yake aliyeko Turwa amempigia. Kwa kina Neema wanatwanga ulezi wa pombe, na wanawake wa kuimba siku ya kukata wameshaitwa. Akasema, "Wewe ndiye unayejua nyumba." Kisha akajitwika ndoo yake akaondoka, na akasimama tena mbele, akasema bila kugeuka, "Na mimi ningekuja na wewe, ila wataniuliza kwa nini ninalia."

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nilivaa sare, nikachana nywele, nikaenda na Mwalimu Tabitha mpaka halmashauri. Tulikaa kwenye benchi. Ofisa ni mwanamke wa makamo, alikuwa na polisi wa dawati la jinsia. Aliuliza jina langu na la baba yangu, nikayasema. Aliuliza nilichosikia karakana, nikakisema, na lile neno la Kikurya nikalitafsiri. Aliniuliza kama mimi nimekeketwa. Nilisema hapana. Aliniuliza nyumbani wanajua nini. Nilisema wanajua nimekeketwa, kwa sababu mama yangu aliwaambia hivyo ili anilinde. Polisi akayaandika yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo na waliniambia nirudie mara kadhaa, lakini nilirudia.

Nikawachorea njia ya kwa kina Neema, kuanzia barabara kuu, mashine ya kusaga, mti uliopigwa na radi, mpaka nyumba yenye mlango wa bluu. Wakaniambia nichore na ya kwetu, kwa sababu sasa na wewe uko hatarini. Nikachora.

Ofisa akapiga simu Tarime. Wakamjibu kwamba leo gari lililopo ni moja. Akafunika simu kwa kiganja akaniuliza waanzie wapi, kwa rafiki yangu au kwa mama yangu.

Nilisema waanzie kwa Neema.

Kisha nilikwenda kwa Mama Saumu, nikamweleza yote. Alikuwa amepanga kufika Sirari kununua vitenge. Alifunga cherehani yake, akasema vitenge havitaoza, atashuka Nyamongo na basi la kwanza kesho asubuhi na hataondoka kwako bila wewe. Anasubiri mlangoni nimpe bahasha.

Mwanao akupendaye,
Mugesi